Ndimi za Mnyororo

Aliingia na upanga wa chenso kwapani, mtupu,
umeviringishwa gazeti lililokunywa mafuta,
akaulaza juu ya meza yangu ya kioo, hapa Kanyenye,
akasema: Mama, nipe mnyororo. Wowote wenye meno.

Wowote.
Neno hilo limewahi kunila.

Jina lake Ntambi. Atokako, Sikonge,
kambi ya kupasua mbao, kibali kina muhuri,
magogo yameshagongwa nyundo ya maliasili,
basi linaondoka saa tisa. Haraka yake
ilikuwa imemtangulia kukaa kwenye kiti.

Sikiliza, Ntambi. Mnyororo una meno juu, chini una ndimi.
Wateja hutazama meno.
Mimi biashara yangu ni ulimi:
unene wake, na mfereji wa upanga unamopita.
Moja nukta tatu. Moja nukta tano. Moja nukta sita.
Ukizitaja haraka unadhani ni mapacha,
lakini Kulwa havai viatu vya Doto.

Ulimi mnene hauna hila:
utakukatalia hapa hapa, nauli bado iko mfukoni.
Mwembamba ndio wa kuogopa.
Huo unaingia. Unazunguka. Unaitikia kila kitu,
na ukishazama ndani ya mti unaanza kulala ubavu.

Nikatafuta namba mkiani mwa upanga.
Zimefutika, vumbi la mninga limezilamba.
Mdomo wa mfereji nao husema uongo, umelika;
nikachomeka vibati hadi chini, kimoja baada ya kingine,
mpaka kimoja kikakaa bila kucheza,
hicho nikakipima kwa kalipa ya baba,
aliyoondoka nayo karakana ya reli siku ya kustaafu.
Ntambi akacheka: Mama, kwa tofauti ya unywele?

Nitakwambia habari ya unywele.

Marehemu Mihayo, mwaka tuliojenga,
alinunua mnyororo wa bei ya kutupa kwa mtu wa stendi.
Moja nukta tatu, kwenye mfereji wa moja nukta sita.
Akapasua mninga kule Ipole, siku mbili,
akisukuma, akinoa upya, akiulaani mti, akiilaani petroli.
Uzi umenyooka, alama ya rangi imenyooka,
ubao unatoka umejikunja kama mgonjwa anayegeukia ukutani.
Mti haukuwa na fundo hata moja.
Ni ndimi tu, zikigaagaa mferejini
kama mtu mmoja katika kitanda cha wawili.

Lakini mninga hautupwi.
Akatengeneza mlango.

Mwaka wa kumi na tisa huu, mlango haujawahi kufunga.
Chini unakwaruza, juu unaacha ufa wa kidole.
Mvua zikianza nauziba kwa kipande cha kanga.
Kiangazi nauacha,
na jua la saa moja hupenya likachora mstari sakafuni,
ulionyooka kuliko chochote alichowahi kukata.
Alikuja seremala, anataka kuuranda, bure, kwa hisani.
Nilimfukuza.

Hilo la seremala sikumwambia Ntambi.
Nilimwambia moja nukta sita, na bei,
na kwamba sipunguzi.
Akahesabu noti polepole, uso umekuwa wa mtu mzima.
Nikamsukumia mnyororo wake wa zamani, ule uliokatika:
Sasa nihesabie ndimi, nikukatie urefu wake.
Si meno, Ntambi. Ndimi.

Akafika arobaini na kitu, akapotea.
Simu ikaita, konda anafoka mpaka mimi nikamsikia.
Akaizima.
Akalowesha kidole kwa mate, akashika kiungo cha kwanza:
Moja.
Mbili.